Fimbo za chuma za gofu: kwa nini namba 7 ya leo inapiga mbali kuliko namba 7 ya zamani

Swali lilitufikia kwa ujumbe wa simu wakati wa kipindi cha michezo. Msikilizaji wetu ni kijana anayebeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu ulio ndani ya shamba kubwa, na jioni uwanja ukiwa mtupu huruhusiwa kucheza mashimo machache. Ana seti ya fimbo aliyoachiwa na mzee mmoja aliyestaafu. Anasema siku moja alisimama sehemu moja na mgeni wa makamo, mtu mwenye kitambi na asiye na nguvu za ajabu, kila mmoja akashika namba 7 yake. Mpira wa kijana ulipaa vizuri ukatua. Wa mgeni ukaupita na kwenda kutua hatua kama thelathini mbele. Kijana anauliza: ana kasoro gani? Na je, auze baiskeli anayopelekea maziwa asubuhi ili anunue fimbo za kisasa?

Hewani tulikuwa na dakika mbili tu, na jibu la dakika mbili lingemfanya auze baiskeli bure. Tukaahidi kuandika kwa kirefu. Tunawaandikia pia wale ambao hawajawahi kushika fimbo ya gofu lakini wanapita kando ya uwanja kila siku, iwe TPC kule Moshi, Gymkhana pale Arusha au Kericho kwa majirani zetu wa Kenya.

Kwanza, namba yenyewe ni nini

Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Kati ya hizo kuna zenye kichwa kikubwa cha mviringo za kuanzia shimo, kuna ya kusukumia mpira shimoni, na katikati kuna kundi kubwa la fimbo za chuma zenye kichwa bapa. Hizi za chuma ndizo tunazozizungumzia. Zimeandikwa namba, kwa kawaida kuanzia 4 au 5 hadi 9, kisha inafuata moja yenye herufi P ya kupigia mpira wa karibu na grini, yaani kile kieneo cha nyasi fupi chenye shimo.

Namba ndogo ina uso uliosimama zaidi na mpini mrefu zaidi, hivyo mpira huenda mbali na chini. Namba kubwa ina uso uliolala zaidi na mpini mfupi, hivyo mpira hupaa juu na kuanguka karibu. Mlalo huo wa uso hupimwa kwa nyuzi. Kwa kawaida fimbo moja na inayofuata hutofautiana nyuzi tatu hadi nne, na mpira hutofautiana kama yadi 10 hadi 15, sawa na mita 9 hadi 14.

Mpira wa gofu hauzidi gramu 46, na kichwa cha namba 7 kina uzito wa kama gramu 270. Vinapogongana, vinakaa pamoja kwa muda wa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Kila alichobuni mhandisi wa fimbo katika miaka sitini iliyopita kimelenga muda huo mdogo.

Mzega na fimbo ya Solheim

Fimbo za zamani zilifuliwa. Mfua chuma wa Uskochi alipasha chuma moto na kukigonga kwa nyundo mpaka kikawa bapa, na hata mashine zilipochukua kazi hiyo umbo lilibaki lile lile: kichwa chembamba kama upanga, uzito mwingi ukiwa umekusanyika katikati, nyuma ya pale mpira unapotakiwa kugusa. Ukigonga katikati kabisa, raha yake haielezeki. Ukigonga sentimita moja pembeni, mikono inatetemeka, mpira unakwenda upande na kufa njiani.

Sababu yake anaijua kila aliyewahi kuchota maji kwa mzega, ule mti wa begani wenye ndoo mbili. Mtu aliyebeba mzega akitaka kugeuka kwenye njia nyembamba, hageuki upesi. Ndoo ziko mbali na mwili, na uzito ulio mbali ni mgumu kuuzungusha. Akizishika ndoo hizo hizo kifuani, atageuka kama kawaida. Uzito ni ule ule, umehama mahali tu.

Kichwa cha fimbo nacho hugeuka. Mpira ukigusa karibu na ncha, ncha inasukumwa nyuma, kichwa kizima kinajipinda, uso unafunguka. Nguvu iliyotakiwa kwenda kwenye mpira inaishia kwenye kujipinda huko, na kwa anayepiga kwa mkono wa kulia mpira unaelekea kulia. Kichwa chenye uzito katikati hujipinda upesi. Chenye uzito pembeni hukaidi.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa bidii ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Bergen, Norway, mwaka 1911, aliyekulia Marekani. Alikuwa fundi viatu kabla ya kuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric, na alianza gofu akiwa mtu mzima. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa kusukuma mpira shimoni. Inasimuliwa kwamba alichukua vipande viwili vya sukari, akavigundisha kwenye vijiti, kimoja kila ncha, ili ajionee uzito ukiwa pembeni unafanyaje. Mwaka 1959 akatengeneza nyumbani fimbo ya kusukumia yenye uzito kwenye ncha na kwenye kisigino. Ilipogonga mpira ilitoa mlio wa “ping”, na jina hilo likawa la kampuni yake.

Baadaye alipeleka wazo hilo hilo kwenye fimbo za chuma. Alichimba mgongo wa kichwa ukawa na shimo kama sahani, na chuma kilichotoka pale akakiweka kuzunguka ukingo. Umbo kama hilo ni gumu kulifua kwa nyundo. Lilitengenezwa kwa nta: unachonga fimbo ya nta, unaifunika kwa udongo maalumu, nta inayeyuka na kutoka, kisha unamimina chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu iliyobaki. Seti yake ya Eye 2 ya mwaka 1982 inatajwa miongoni mwa seti zilizouzwa sana kupita zote. Tunaitaja kwa makusudi, kwa sababu mpaka leo bado inapatikana kwenye mifuko ya mitumba.

Hiyo ndiyo maana ya wachezaji kusema fimbo fulani “inasamehe”. Haikufanyi upige vizuri, ila inapunguza adhabu ya kupiga vibaya. Mpira uliogongwa kwenye ncha bado utapungua, lakini utapungua kidogo, na badala ya kuishia kichakani utaishia pembeni mwa grini.

Uso mwembamba na uzito wa chini

Hatua iliyofuata ilikuwa kuupunguza unene wa uso. Hapa watu wengi wanaelewa vibaya, wakidhani uso mwembamba “unasukuma” mpira kwa nguvu zake wenyewe. Ukweli ni tofauti kidogo. Mpira unapogongwa na chuma kigumu, unabonyea sana, na katika kubonyea sehemu ya nguvu inapotea kwa kugeuka joto. Uso ukikubali kubonyea kidogo, kama ngozi ya ngoma, mpira hubonyea kidogo zaidi na hupoteza kidogo. Nguvu zote zinatoka mikononi mwako, ila zinazovuja njiani ni chache.

Ili uso mwembamba usipasuke, watengenezaji hutumia chuma cha pua cha aina ngumu sana, na wengine huufanya kichwa kuwa na uwazi ndani. Kampuni ya PXG ilipoingia sokoni mwaka 2015, fimbo zake zilijazwa ndani plastiki laini yenye mnyumbuko. TaylorMade, katika fimbo yake ya P790 ya mwaka 2017, iliweka povu. Vitu hivyo huutegemeza uso usichoke na hupunguza mlio, kwa sababu kichwa kitupu hulia kama debe. TaylorMade hao hao walikuwa wameshakata mfereji kwenye nyayo ya fimbo ili sehemu ya chini ya uso nayo ibonyee. Walikuwa na sababu nzuri: wachezaji wengi wa kawaida hugonga mpira na sehemu ya chini ya uso.

Faida ya pili ya uso mwembamba haisemwi sana, nayo kwetu ndiyo kubwa zaidi. Chuma kilichookolewa usoni kinaweza kuhamishiwa kwingine. Kinapelekwa pembeni, kuongeza ule usamehevu, na kinapelekwa chini. Wengine hupachika tangsteni karibu na nyayo. Kipande cha tangsteni ni kizito zaidi ya mara mbili ya kipande cha chuma chenye ukubwa ule ule, hivyo kidonge kidogo tu kinatosha kuuvuta uzito wote wa kichwa kuelekea ardhini. Uzito ukiwa chini, mpira unapaa kwa urahisi hata kwa mtu asiye na kasi kubwa ya mikono.

Nyayo nazo zimepanuliwa. Linganisha sururu na mgongo wa jembe: kimoja kinazama, kingine kinateleza. Anayeanza gofu mara nyingi hugusa ardhi kabla ya mpira. Nyayo nyembamba itachimba na kukwama. Nyayo pana itateleza na kuufikia mpira, ingawa si kwa usafi.

Sasa turudi kwenye namba 7

Yote tuliyoeleza ni kweli, lakini hayatoshi kueleza zile hatua thelathini. Sehemu kubwa ya tofauti ile imejificha mahali ambapo matangazo ya biashara hayapendi kuangalia.

Katika seti nyingi za miaka ya 1960 na 1970, namba 7 ilikuwa na mlalo wa karibu nyuzi 36 hadi 39. Katika seti za leo zilizotengenezwa kwa wachezaji wa kawaida, namba 7 mara nyingi ina nyuzi 28 hadi 30. Mpini pia umerefushwa kidogo. Kwa maneno mengine, fimbo iliyoandikwa 7 leo ina uso uliosimama kama namba 5 ya zamani, na wakati mwingine zaidi. Ni kama gunia linalouzwa kwa jina lile lile la zamani wakati ujazo umebadilika. Tofauti ni kwamba hapa gunia limekuwa kubwa, na muuzaji anakuacha ufikiri kwamba ni wewe uliyeongezeka nguvu.

Je, ni udanganyifu? Sisi tunasema nusu tu. Mhandisi ana hoja. Fimbo yenye uzito chini na uso mwembamba inaurusha mpira juu mno. Angeacha nyuzi 37 mpira ungepaa kama mwewe na kuanguka pale pale. Aliposimamisha uso, mpira ulirudi kwenye kimo kilekile cha zamani, ukiwa na kasi zaidi. Kabla ya uzito kushushwa, mtu wa kawaida hakuweza kuinua mpira vizuri kwa fimbo ya nyuzi 29. Leo anaweza, na hayo ni mafanikio ya kweli. Kinachotukera ni namba. Wangeweza kuiandika 5 na kila kitu kingeeleweka.

Kuna gharama pia. Uso uliosimama huupa mpira mzunguko mdogo wa kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaosaidia mpira kusimama ukitua. Kiangazi, ardhi ikiwa imekauka, mpira unaokuja kwa kasi na mzunguko mdogo utadunda na kuvuka grini. Unapiga mbali, ndiyo, lakini shimo liko nyuma yako.

Gharama ya pili iko mwisho wa seti. Zamani fimbo ya P ilikuwa na nyuzi kama 50. Katika seti nyingi za sasa ina nyuzi 43 hadi 45. Fimbo ya mchangani imebaki karibu na nyuzi 56. Kati ya 44 na 56 kuna nyuzi 12, pengo la fimbo mbili nzima, na pengo hilo linaangukia kwenye umbali ambao mchezaji anauhitaji kila siku. Kampuni huuza fimbo ya kuziba pengo, mara nyingine nje ya seti. Anayenunua mtumba bila kujua hili hujikuta na mpira ulio mita 90 kutoka shimoni na hana fimbo ya kuupiga kwa nguvu zake za kawaida.

Kuhusu nguvu, tuweke takwimu chache. Kwa wastani wa TrackMan, kampuni ya vifaa vya kupima mwendo wa mpira, ambao umenukuliwa kwa miaka mingi, mwanaume wa ligi ya kulipwa ya Marekani huzungusha namba 7 kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa na mpira hutua yadi 172, karibu mita 157. Mwanamke wa ligi ya kulipwa huizungusha kwa kilomita 122 kwa saa, na mpira hutua yadi 141, karibu mita 129. Hao ni watu wanaofanya kazi hiyo tu. Kwa hiyo kijana anayepiga namba 7 ya nyuzi 37 mita 120 hana kasoro yoyote.

Wachezaji wa kulipwa wenyewe, wengi wao, hawatumii fimbo zenye usamehevu mkubwa kuliko zote. Tiger Woods alishinda mataji yake makubwa kwa fimbo nyembamba za mtindo wa zamani. Mtu anayegonga katikati kila mara hahitaji kusamehewa, anahitaji kujua mpira utatua wapi hasa.

Pima kwa simu yako

Simu nyingi zina programu ya pima-maji, ile inayoonyesha kama meza imelala sawa, na inasoma nyuzi. Weka fimbo juu ya meza au sakafu iliyo sawa kama unavyoiweka mbele ya mpira, nyayo ikae vizuri. Mwombe mwenzako aushike mpini usiinamie mbele wala nyuma. Egemeza ubavu mrefu wa simu kwenye uso wa fimbo, ukifuata mlalo wake kutoka chini kwenda juu. Kama programu inasoma kutoka wima, hiyo ndiyo nyuzi ya fimbo. Kama inasoma kutoka ardhini, itoe kwenye 90.

Kipimo hiki kinaweza kukosea nyuzi moja au mbili, si cha kiwandani. Kwa kulinganisha fimbo mbili kinatosha kabisa, mradi umezipima mahali pamoja na kwa simu ile ile. Ukipimiwa fimbo dukani au kwa muuza mitumba, andika nyuzi badala ya namba.

Ukienda kununua

Seti mpya ya kampuni kubwa mara nyingi hupita dola 1,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili. Kwa kijana anayebeba mifuko hiyo ni ndoto, na wala si lazima. Mgongo uliochimbwa si siri ya kampuni moja. Karibu kila mtengenezaji anautumia, na seti ya miaka ishirini iliyopita yenye mgongo wa hivyo inasamehe vya kutosha. Uso mwembamba wa kisasa utakuongezea mita chache. Mgongo uliochimbwa utakuokolea mapigo mengi zaidi. Tukipewa fedha ya kimoja, tungechukua mgongo.

Kagua mifereji ya usoni kwa ukucha. Ikiwa imelika mpaka ukucha unateleza, mpira hautashika, hasa nyasi zikiwa na umande. Tikisa fimbo karibu na sikio usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Angalia pale mpini unapoingia kwenye kichwa kama kuna ufa au kutu. Mpini wa nyuzi za kaboni ukiwa na mkwaruzo mrefu, uache, kwa sababu hukatika bila taarifa. Mshiko wa mpira uliokauka usikuogopeshe, unabadilishwa kwa bei ndogo. Fimbo za bandia zenye majina makubwa zipo nyingi, na dalili ya kwanza ni maandishi yasiyolingana kati ya fimbo moja na nyingine katika seti hiyo hiyo.

Na tafadhali, usimpelekee mfua chuma fimbo iliyomiminwa kwenye kalibu akakunjie nyuzi. Ile iliyofuliwa hukunjika kwa kifaa maalumu. Iliyomiminwa inaweza kuvunjika shingo.

Msikilizaji wetu tulimpa maelezo ya kupima, naye akamwomba yule mgeni ruhusa. Namba 7 ya mgeni ilisoma nyuzi 29. Ya kwake 37. Akaendelea kupima za kwake moja moja mpaka namba 5, ikasoma 31. Yaani hata namba 5 yake imelala zaidi ya namba 7 aliyokuwa anashindana nayo. Ametuandikia kwamba baiskeli haiuzi. Anatafuta fimbo mbili tu za mtumba zenye mgongo uliochimbwa, namba 4 na 5, kwa sababu hizo ndizo zinazomtetemesha mikono. Ametuma na swali la pili, kuhusu mipira inayookotwa bwawani kama inapoteza nguvu. Hilo tutalijibu kwenye kipindi kijacho.